Jina la Mama Yako Halikusomwa

Aika mwanangu,

Umelala, au umezima taa ili nidhani umelala. Begi lako nimeliona hapo mlangoni. Zipu ya pembeni inaachia, nimeifunga kwa kipande cha waya wa dukani, ukifika utanunua jingine. Mambo ya safari siyaandiki. Jirani yetu Bi Zuhura kwao ni kusini, amekusimulia Newala unakokwenda mpaka na mimi nimeanza kuijua, na mambo ya kazi unayajua mwenyewe, nesi ni wewe.

Naandika kwa sababu ya yale ya mchana. Nilikuja na barua ya utambulisho kutoka ofisi ya kanisa. Kila mshirika anayehama hupewa. Inasema huyu ni wetu, amebatizwa na amepata kipaimara, mpokeeni. Uliisoma umesimama, ukaiweka mezani, ukaniambia, "Baba, hii ndiyo waliyomnyima mama." Hukupaza sauti. Ukarudi chumbani kukunja nguo, na mimi nikaichukua nikairudisha mfukoni. Sikukasirika. Nilipokuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi naisubiri, nilijua utasema hivyo hivyo.

Nyuma ya maneno yale nililisikia swali lako la zamani. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi ulinikuta napiga pasi shati jeupe. Ukaniuliza naenda wapi, nikasema kanisani. Ukauliza kanisa lipi. Nikasema letu. Ulinitazama kama mtu aliyenifumania, ukaingia chumbani ukafunga mlango, na tangu hapo hatujaligusa tena. Ulikuwa kidato cha tatu. Umemaliza shule, umesomea uuguzi, umepata kazi, na sasa unaondoka bila kujua baba yako aliwezaje kurudi kwa watu waliokataa kumzika mama yako. Nitakueleza ilivyokuwa, maana kuna siku ulikuwa shuleni, na kuna mambo tulikuwa tunayazungumza ukishaondoka.

Nianze na mimi. Nilizaliwa mlimani, mahali ambapo mtoto anaandikwa kanisani kabla hajaota meno. Hakuna aliyeniuliza kama naamini, na sikumlaumu mtu kwa hilo, kwa sababu mimi mwenyewe sikujiuliza. Nilipokuja Dar kumsaidia baba mdogo dukani Kariakoo, nilipewa barua kama hii ya kwako, nikaipeleka, nikaandikwa. Basi. Kanisani nilionekana Krismasi, kwenye harusi na kwenye misiba. Bahasha za sadaka ya ahadi alizipeleka mama yako, zimeandikwa jina langu. Sikuwa na ugomvi na Mungu. Sikuwa na neno la kumwambia, hivyo tu. Nilifungua duka asubuhi, nikauza nyaya na swichi na taa, nikarudi nimechoka, na nilimwachia mama yako asali kwa ajili ya nyumba nzima, kama nilivyomwachia jiko.

Na yeye alisali kweli. Unakumbuka alivyokuwa akimsengenya mtu uani na Bi Zuhura, halafu ghafla anatazama juu na kusema, "Nisamehe Baba, lakini si uongo." Alizungumza naye hivyo, mchana kweupe, na sufuria mkononi. Uimbaji wake unaukumbuka pia. Alikuwa sauti ya pili kwaya, na alipochagua mchele aliimba sauti ya pili peke yake. Mimi nilidhani ndivyo nyimbo zilivyo, zinapanda na kushuka bila mpango, hazina kichwa. Hilo nitalirudia.

Alipougua, mwanzoni tulikwambia ni tumbo. Ilikuwa saratani ya kizazi, na ilikuwa imekaa muda. Alianza mionzi pale Upanga. Jumuiya ilikuja kumwona. Waliimba, walisoma neno, wakaacha sukari na sabuni, wakaondoka kwa heshima. Walikuja tena. Kisha wakawa wanapiga simu. Kisha simu nazo zikapungua. Sisemi walikuwa wabaya, Aika. Ni watu wa mjini, wanafunga maduka giza limeingia, wana wagonjwa wao. Lakini mama yako alikuwa akilala ameelekeza uso mlangoni, na mimi niliona anasikiliza geti.

Kwenye foleni ya hospitali alikutana na mwanamke mmoja ambaye naye alikuwa na mgonjwa. Huyo ndiye aliyempeleka kwa nabii, kwenye lile ghala la mbao la zamani huku Ilala waliloligeuza kanisa. Najua wewe unawachukia watu wale kuliko wote. Lakini nitasema ukweli juu yao. Walikuja kila siku. Mabinti wawili walimwogesha mama yako wakati mimi niko dukani. Walifua mashuka ambayo mimi sikuweza kuyatazama. Wewe ulirudi kutoka shule ukakuta uwanja umefagiliwa na chakula kimefunikwa, ukadhani ni Bi Zuhura. Walikuwa wao. Waliimba naye wamekaa sakafuni, na yeye akaimba sauti yake ya pili. Kwa mara ya kwanza tangu augue nilimsikia anacheka.

Kwa hiyo aliposema anataka kwenda kusali kwao, nilimpeleka. Nilimpakia kwenye bajaji, nikamshika njia nzima, na wakati wa ibada nikasubiri nje kwenye kivuli cha ukuta, napiga hesabu za duka. Sikuingia hata mara moja.

Nabii hakumwambia aache hospitali. Watu wanasema alimwambia, lakini nilimuuliza mama yako mwenyewe na hakuwa mtu wa kudanganya. Alimsimamisha mbele ya watu, akamshika kichwa, akamuuliza kwa upole kama ana daktari mmoja au ana wawili. Mama yako akajibu ana mmoja. Watu wakashangilia. Siku ya mionzi iliyofuata hakwenda.

Tuligombana, wewe ukiwa shule. Nilimwambia kila ninachojua, na ni kidogo. Nilimwambia daktari alivyonieleza, kwamba ukikatiza tiba ile ni kama hukuianza. Nilimwambia nabii yule akiumwa jino anapanda ndege. Alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Baba Aika, wewe huamini chochote. Sasa utanichagulia nini?"

Ningeweza kumbeba kwa nguvu nimpeleke hospitali, alikuwa mwepesi kwa wakati ule. Lakini kwenye jambo lile lililokuwa kubwa kuliko yote kwake, mimi nilikuwa mpita njia. Miaka yote tuliyoishi pamoja sikuwahi kukaa naye hata jioni moja nikamuuliza unapofumba macho unaona nini. Kama ningekuwa namjua pale, labda angenisikia. Labda asingenisikia. Hili sitalijua.

Wale wa nabii walikuwa wanarusha ibada zao kwenye simu. Mama yako alionekana, amefunga kitambaa cheupe, analia, nabii amemshika. Kipande kile kikafika kwenye kundi la kwaya. Hakuna aliyempigia yeye, walinipigia mimi. Baadaye akaja Mzee Elia, yule mzee wa kanisa wa mtaa wetu, na mwenzake mmoja. Walikaa hapo sebuleni, wakakataa chai. Wakanieleza utaratibu, kwamba aliyeondoka hadharani anarudi hadharani. Asimame mbele ya kanisa, aombe, apokelewe. Asipofanya hivyo anahesabiwa ametengwa. Mama yako alikuwa nyuma ya pazia, kitandani, anasikia kila neno. Walipoondoka akaniambia atakwenda akipata nguvu za kusimama. Nilipeleka jibu hilo. Wakasema wanasubiri.

Hakupata nguvu za kusimama.

Na kule kwa nabii nako, sikia mambo yalivyokuwa. Ushirika walitoa baada ya ushuhuda. Ukiponywa, unapanda jukwaani, unasimulia, unapewa kadi, unakuwa mwana wa nyumba. Mpaka hapo wewe ni mgeni anayeombewa. Alipozidi kuwa mbaya, wale mabinti walianza kusema kuna mtu ndani ya nyumba anazuia. Hawakunitaja, lakini nyumba ilikuwa na watu watatu. Kisha wakaacha kuja. Nasikia walikatazwa. Mmoja wao nilimwona Msimbazi baada ya msiba, akavuka barabara asinisalimie, na nilimwona anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mama yako alipofariki nilikwenda kote kuwili siku ile ile. Kwa nabii sikupita getini. Kijana mwenye kitambulisho kifuani alizungumza na mtu kwenye simu, akaniambia, "Pole baba. Huyo mama hakuwa mshirika wetu." Alisema kwa adabu. Nikauliza wale mabinti wako wapi, akasema wako kwenye maombi.

Kanisani kwetu nilipokelewa vizuri. Walinipa kiti na maji. Mchungaji wa wakati ule alikuwa mtu mpole, na naamini aliumia kweli, lakini wazee walikuwa wamekaa kikao kabla sijafika. Aliyetengwa hazikwi na kanisa. Hakuna mchungaji, hakuna kwaya, hakuna kitenge cha akina mama juu ya jeneza, na hakuna barua ya kumpeleka nyumbani mlimani. Nilibishana. Niliwaambia ninyi mnamjua, ameimba humu tangu binti. Mzee Elia aliniwekea mkono begani. Hakuwa ananidhihaki, Aika, alikuwa ananifariji. Akasema, "Ungekuwa wewe, Baba Aika, tungekuzika bila tatizo. Wewe jina lako lipo."

Nilitembea kwa miguu kutoka pale mpaka nyumbani. Nilipita Mchafukoge, nikapita Kariakoo katikati ya watu na mikokoteni, na sikuona mtu. Jina langu lipo. Mimi nisiyejua hata zaburi moja mpaka mwisho, mimi ni mshirika hai, bahasha zangu zimefika, na aliyezipeleka hana mahali. Aliyekuwa anaomba msamaha kwa Mungu na sufuria mkononi amekufa katikati ya makanisa mawili, na mimi niliyekuwa nakaa nje kwenye kivuli ndiye mtu wa kanisa.

Nilimpigia baba yako mkubwa kule nyumbani. Ulikuwa umekaa karibu yangu nilipokata simu, kwa hiyo unajua. Alisema tumlete, watamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, lakini kanisa la kule nalo linataka barua, na bila barua kengele haitapigwa, na watu watauliza. Sikuweza kufikiria akiteremshwa kwenye gari watu wote wa mtaa wakiisikiliza kengele isiyolia. Nikasema atalala huku. Ndugu zake hawajanisamehe, na sasa nikipita kwenye lile kaburi la saruji lililobanwa na makaburi ya watu tusiowajua, mimi pia huwa sina uhakika kama nilifanya sawa.

Turubai alifunga mwanawe Bi Zuhura. Chai na maandazi walipika wanawake wa uani, wengi wao Waislamu. Jeneza walibeba wauza nyaya wenzangu wa Kariakoo. Kaburini, walipokwisha kuliteremsha, walirudi nyuma wakasimama kimya, wametuachia nafasi tufanye ya kwetu. Walikuwa wanatuheshimu. Hawakujua kwamba hakuna wa kufanya.

Ule ukimya nadhani unaukumbuka kuliko mimi. Ni wewe uliyeuvunja. Ulianza Sala ya Bwana, na sare ya shule chini ya khanga, na mimi nikaifuata, nikapotea katikati. Mshirika hai. Nilibaki natikisa midomo. Ukaenda peke yako mpaka karibu na mwisho, na hapo ndipo tuliposikia sauti nyingine kutoka kule ukutani, sauti za wanawake, wanaitikia nawe. Uligeuka ukawaona. Mama Nsia, yule bibi mwenye miguu mibovu aliyekuwa anaongoza sauti ya pili, na wenzake wachache wa kwaya. Hawakuvaa kitenge cha kanisa. Hawakukaribia. Sala ilipokwisha waliondoka kwa kufuatana, wameinamisha vichwa.

Jioni ulisema walikuja kuchungulia. Sikukubishia, na hata leo sikubishii. Wangeweza kusogea. Ilikuwa hatua chache.

Sasa lile shati jeupe. Ulidhani nilikwenda kuomba radhi. Labda ulidhani nimeogopa nisije kuzikwa kama mama yako. Hofu hiyo ilikuwepo kidogo, siifichi. Lakini kilichonipeleka ni hasira. Nilitaka wanione. Nilitaka Mzee Elia asome neno huku mimi nimekaa mbele ya macho yake. Kama jina langu lipo, basi na mimi nitakuwepo, kila Jumapili, mpaka waniombe niondoke. Nilikwenda nikakaa upande wa kwaya, benchi la nyuma yao.

Wakaimba wimbo mmoja. Nilikuwa sijui kitu kuhusu nyimbo, unanijua. Lakini niliusikia ule wimbo wa mchele. Sauti ya kwanza ikapita juu, wanaume wakaja chini, na ndani yake, katikati, nikaisikia ile ya mama yako ya kupanda na kushuka, ikiimbwa na Mama Nsia na wenzake. Kumbe ilikuwa na kichwa. Kumbe miaka yote ile nimekuwa nikisikia upande mmoja wa kitu. Nililia pale, Aika, na watu walidhani ni msiba. Ulikuwa msiba, lakini pia nilikuwa nimekasirika upya, kwa sababu wimbo ulikuwa mzuri na walikuwa wanauimba bila yeye.

Basi nimeendelea kwenda.

Mama Nsia alinifuata baada ya ibada moja, akakaa karibu yangu akinyoosha miguu yake. Nilimuuliza bila kumzunguka kwa nini walisimama ukutani. Akasema waliambiwa atakayeshiriki naye atatengwa. "Niliogopa, Baba Aika. Mimi ni mjane, na mwanangu yuko mbali. Nikitengwa, nani atanifunika nikifa?" Sikumwambia si kitu, kwa sababu ni kitu. Lakini alikuwa wa kwanza katika kanisa lile kuniambia ukweli, na nikamheshimu.

Unajua kwamba mwisho wa mwaka wa kanisa yanasomwa majina ya washirika waliofariki. Mwaka ule nilikwenda ofisini kuomba jina la mama yako liwemo. Wakasema orodha ni ya washirika. Jumapili ikafika, majina yakasomwa, mchungaji akafunga karatasi. Na Mama Nsia, amekaa hapo hapo kwenye kwaya, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Na Debora."

Hakuna aliyefanya kitu. Mzee Elia alitazama chini. Baadaye walimwita Mama Nsia ofisini wakamwonya, akawaambia yeye ni mzee, maneno yanamtoka. Mwaka uliofuata yakamtoka tena, na mimi nikasema pamoja naye. Tukafanya hivyo miaka yote uliyokuwa chuoni. Hukuwahi kujua kwa sababu hukutaka kusikia lolote la kule, na mimi sikutaka uone kama nakutega.

Mama Nsia alifariki mwaka jana. Alizikwa vizuri sana. Kwaya, kitenge, kengele, wachungaji wawili. Nilibeba jeneza upande wa miguu. Ilipofika Jumapili ile ya majina, la kwake lilisomwa kamili, pamoja na la ukoo wake. Mchungaji alipofunga karatasi nilisimama nikasema, "Na Debora." Nilikuwa peke yangu. Huyu wa sasa ni kijana, hajui habari zetu. Alinyanyua macho, akasubiri kidogo, kisha akaendelea na matangazo ya harusi.

Hivyo ndivyo nilivyorudi. Ukiniuliza kama nimepata imani, sijui nikujibuje. Nasali sasa. Ninapofungua duka huwa nasema maneno mawili matatu kabla sijavuta geti juu. Siku nyingine naona kama kuna anayesikiliza, siku nyingine nasema na kufuli. Mama yako angejua ni imani au si imani. Mimi namwambia Mungu yale yale ninayowaambia wazee: mnamjua Debora, msijifanye hamumjui.

Bi Zuhura aliniambia ulichomwambia uani, kwamba Yesu unamtaka, watu wake ndio huwataki. Alidhani nitaudhika. Nilikaa nalo siku nzima dukani. Nakusikia usiku unavyosali, na yale mahubiri unayosikiliza kwenye simu. Sina shaka kwamba unasikiwa. Chumba cha kupanga Newala hakiko mbali na Mungu kuliko kanisa la mjini. Mimi niliwahi kuwa na watu wake bila yeye, na ni nyumba baridi ile, nakuhakikishia. Ninachokiogopa ni kingine. Yule mhubiri wa kwenye simu hatajua siku uliyoshindwa kuamka. Na ukikaa muda mrefu unasikiliza geti, atakuja yeyote. Mama yako hakwenda kwa nabii kwa upungufu wa imani. Alikwenda kwa sababu walikuja.

Sikuambii uende kwa nani. Watu wale watakuumiza, wa kule kama wa huku, na mimi niliye baba yako nakutuma kwao nikijua hivyo, au sikutumi, sijui. Barua nimeiweka kwenye droo ya dukani. Ukiitaka utanipigia nitaikabidhi kwa dereva wa basi. Usipoitaka itakaa pale na sitaiulizia.

Limebaki moja la siku aliyofariki mama yako, ambalo sijamwambia mtu. Mchana ule hospitalini, tulikomrudisha alipozidiwa, wewe ukiwa kwenye mtihani, alifumbua macho na akili zake zilikuwa timamu. Niliona mwisho umekaribia. Nikamuuliza nimwite nani, mchungaji wa kwetu au yule wa kule. Nilikuwa tayari kwenda kupiga magoti kwa yeyote. Akasema, "Kaa wewe."

Nikamwambia mimi sijui kusali, mama Aika, unanijua. Akasema, "Kaa tu."

Nikavuta kiti. Nilimshika miguu kwa sababu ilikuwa baridi. Kuna wakati alitikisa midomo nikajua anasali, na nilitamani kujua maneno ili nimsaidie alipoishiwa pumzi, na sikuyajua, nikawa namsugua miguu. Nje adhana ya alasiri ikaanza, msikiti mmoja, kisha mwingine. Ilipokwisha yote, alikuwa amekwenda. Sikumwita nesi. Nilikaa, kama alivyosema, mpaka walipokuja wenyewe kuvuta pazia.

Kesho stendi sitaweza kusema hata moja ya haya. Nitakuuliza kama una maji.

Mimi baba yako